Zoloto Linapobana



Tuseme ni usiku wa kiangazi huko Mkonze, kando ya mji wa Dodoma. Upepo umetulia, na mama mmoja ameamka kwa sababu mtoto wake wa miaka miwili anatoa mlio. Si kikohozi, wala si kilio. Kila avutapo pumzi husikika sauti kavu kama msumeno upitao katika mti mgumu, na chini ya koo lake, juu kidogo ya kifua, ngozi inavutwa ndani. Bibi yake mtoto anaamshwa. Anasikiliza, anasema ni kimeo. Jirani anaitwa, yeye asema ni pumu, kwa maana mwanawe naye anayo. Kukicha, mmoja atataka mtoto apelekwe kwa mkata vimeo, na mwingine ataleta dawa iliyobaki ya mwanawe. Wote wawili wanampenda mtoto. Lakini ikiwa wote wawili wamekosea, mtoto yule hana saa nyingi za kungoja.

Mama huyo na mtoto wake nimewatunga mimi ili mpate kunifuata vizuri. Mlio ule sikuutunga. Hutoka katika zoloto, na jioni hii nataka kuwaeleza jinsi zoloto linavyobana, kwa nini hubana, na madaktari hufanya nini.

Kwanza tukijue kiungo chenyewe. Weka vidole viwili mbele ya shingo yako, kisha umeze mate. Kile kitu kigumu kinachopanda na kushuka ndicho zoloto, na wengine hukiita kongomeo. Hapo ndipo njia ya chakula na njia ya pumzi zinapoachana: chakula hupita nyuma na kushuka katika umio, pumzi hupita mbele na kuingia katika bomba liendalo mapafuni. Zoloto lina kazi tatu. Hupitisha pumzi, huzuia chakula kisipotee njia, na hutoa sauti. Wagogo wamejulikana mbali kwa kazi hii ya tatu. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliichukua sauti ya nyumbani kwao pamoja na zeze na ilimba akaifikisha Ulaya, na sauti ile yote, ya juu kabisa na ya chini kabisa, ilipita katika tundu lisilozidi upana wa kidole.

Chini kidogo ya nyuzi za sauti ipo pete ya gegedu. Bomba la pumzi lote hushikwa wazi na pete za namna hiyo, lakini nyingine zote zina pengo upande wa nyuma, mfano wa bangili isiyofungwa. Hii peke yake ni mviringo kamili. Kwa hiyo utando wa ndani ukivimba mahali hapo, hauna nafasi ya kutanukia nje. Hauna budi kuvimba kuelekea ndani, ambamo hewa inapita.

Sasa nisikilizeni katika hesabu kidogo. Kwa mtoto mchanga, tundu la pete hiyo lina upana wa milimita 4 au 5 hivi. Tuchukue 4. Utando ukivimba milimita 1 tu kuzunguka pande zote, upana utakaobaki ni milimita 2. Mtu aweza kudhani kwamba imebaki nusu ya njia. Sivyo, imebaki robo, kwa kuwa tundu la mviringo hupungua kwa kila upande pamoja. Tena taabu ya kuvuta hewa katika tundu jembamba huongezeka kupita tunavyodhani, na kwa hesabu ya wataalamu ugumu wa kuipitisha hewa hapo hupanda hata mara 16. Mtu mzima ana njia pana mara tatu au nne kuliko hiyo; uvimbe wa milimita moja humfanya akohoe kidogo, anywe chai ya moto, aende kazini. Uvimbe ule ule humnyima mtoto usingizi, na waweza kumnyima uhai. Ndiyo sababu katika jambo hili watoto huja mbele.

Nimetaja pumu, na yapasa nieleze tofauti yake, maana kosa hili hufanywa hata na watu waliosoma. Pumu hubana vijia vidogo vidogo vilivyo ndani ya mapafu. Hewa huingia, lakini hutoka kwa shida, na mluzi husikika zaidi mgonjwa anapotoa pumzi. Zoloto likibana, mlio husikika zaidi anapovuta. Pakiwa pamebana katika ile pete au chini yake, mlio waweza kusikika pande zote mbili. Ukitaka kujua pumzi ipi inaingia na ipi inatoka, weka mkono wako juu ya tumbo la mtoto: tumbo linapoinuka, hewa inaingia. Sikiliza pia sauti yake. Je, imekauka? Je, kikohozi chake kinafanana na kubweka kwa mbwa? Hizo ni dalili za zoloto, na dawa ya pumu haitamfaa. Jambo moja zaidi, nalo limewadanganya wengi: mtoto aliyehangaika usiku kucha akinyamaza alfajiri, mlio ukapungua huku midomo yake ikiwa na rangi ya kijivu, huyo hajapona. Amechoka kuvuta, na hewa ipitayo ni kidogo mno hata haiwezi kufanya sauti.

Na kimeo je? Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Mahali pengi katika Tanzania, na katika nchi ya kati pia, kuna desturi ya kukikata mtoto anapokohoa kwa muda mrefu au kutapika au kukataa kunyonya. Sipendi kuwadharau wazee wetu. Waliona mtoto anapata taabu kooni, wakatazama ndani ya kinywa, wakaona kitu kilichorefuka. Wakakiondoa kitu walichokiona. Zoloto hawakuliona, kwa maana jicho haliwezi kulifikia bila chombo. Lakini kimeo kiko juu, na mahali palipobana pako chini, tena katika njia nyingine. Kukata kimeo hakuongezi hata unywele mmoja wa upana katika pete ile. Kinachoongezeka ni jeraha: damu huweza kutoka kupita kiasi, na damu hiyo huingia katika njia ya pumzi ambayo tayari ni finyu, kisu kisicho safi huweza kuleta pepopunda au virusi vya UKIMWI. Tena siku nzima imepotea njiani.

Basi, ni nini hubana zoloto? Sababu ni nyingi, nami nitazipitia bila kuzipa zote nafasi sawa.

Wako watoto wanaoanza kutoa mlio katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa, nao wananyonya na kunenepa vizuri. Aghalabu hao wana zoloto laini, ambalo kuta zake huanguka ndani wanapovuta pumzi. Daktari amwone, lakini wazazi wasiogope sana. Kwa wengi hali hiyo huisha yenyewe kabla ya kutimia miaka miwili. Wachache huzaliwa na pete iliyo finyu, na hao ni jambo jingine. Wapo pia wanaobanwa ghafla kwa sababu ya mafua yaliyoshuka kooni. Daktari huwapa dawa za steroidi, na wakizidiwa huvutishwa adrenalini iliyogeuzwa kuwa mvuke, na wengi hupona katika siku chache.

Zamani adui mkubwa alikuwa dondakoo. Ugonjwa huu huweka utando mzito wa kijivu kooni, na ukishuka katika zoloto humnyonga mtoto kama kamba. Mwaka 1825, huko Tours katika Ufaransa, daktari Pierre Bretonneau alimpasua shingo binti mdogo wa rafiki yake aliyekuwa akifa kwa dondakoo, akampa njia ya pumzi chini ya mahali palipoziba, na mtoto akapona. Miaka 60 baadaye, mwaka 1885, Joseph O'Dwyer wa New York alitangaza njia ya kupitisha bomba dogo kinywani hadi ndani ya zoloto, bila kisu. Ndipo ikaja dawa ya kuua sumu ya dondakoo katika miaka ya 1890, na baadaye chanjo. Tanzania ilianza mpango wake wa chanjo kwa watoto mwaka 1975. Kinga ya dondakoo imo katika sindano ya magonjwa matano ambayo mtoto huchomwa akiwa na majuma 6, 10 na 14. Mama anayechoka kupanga foleni kliniki akumbuke kwamba dondakoo haikutoweka duniani. Huko Nigeria iliwarudia watu kwa wingi mwaka 2023, na waliokosa chanjo ndio walioumia zaidi.

Kisha ziko karanga. Wasikilizaji wa Kongwa na wazee wa Dodoma watacheka kwamba siwezi kupita mkoa huu bila kuzitaja, kwa sababu mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja Kongwa kulima karanga kwa matrekta, na mwaka 1951 mpango ule ukaachwa baada ya kula fedha nyingi. Lakini karanga ninayoisema hapa ni moja tu, mkononi mwa mtoto ambaye magego yake hayajaota. Hucheka, au huanguka, au hupigwa akilia karanga ingali kinywani. Naye anapovuta pumzi kwa nguvu, punje huingia njia isiyo yake. Ikikwama katika zoloto, humziba papo hapo. Ikipita, hukaa chini katika bomba la pumzi, mafuta yake huuchoma utando, nayo hulowa na kuvimba. Picha ya eksirei huonyesha sarafu, lakini karanga yenyewe haionekani, kwa hiyo mzazi asiporidhika na jibu la picha, aseme wazi, “Alikuwa anakula karanga, akapaliwa, tangu hapo anatoa mlio.” Maneno hayo yana thamani kuliko picha. Daktari Chevalier Jackson wa Philadelphia alitoa vitu vya namna hiyo katika koo na mapafu ya watu kwa muda wa maisha yake, akavihifadhi. Hata leo vimo katika jumba la makumbusho la Mütter, navyo ni 2,374. Na zabibu, fahari ya Dodoma, zisipewe watoto wadogo nzima nzima; zikatwe vipande kwa urefu wake. Zabibu nzima ni laini, huenea katika koo la mtoto kama kizibo katika chupa.

Wako pia watoto ambao sauti zao hukauka pole pole, mwezi baada ya mwezi, mpaka wakawa wananong'ona, kisha mlio huanza. Hao mara nyingi huota vinyama mfano wa chunjua juu ya nyuzi za sauti. Huletwa na virusi vya jamii ya HPV, hasa aina ya 6 na ya 11, ambavyo mtoto huweza kuvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Daktari huviondoa, navyo huota tena. Wako watoto waliorudi katika chumba cha upasuaji mara nyingi kabla ya kukua. Tangu mwaka 2018 wasichana wa Tanzania wamekuwa wakipewa chanjo ya HPV kwa ajili ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na zipo chanjo za namna hiyo zinazokinga hata aina ya 6 na 11. Katika Australia, ambako chanjo hiyo ilianza kutolewa mwaka 2007, watoto wapya wenye vinyama hivi wamepungua sana.

Watu wazima nao wana yao: saratani kwa wavutao tumbaku, kifua kikuu kilichopanda hadi zoloto, na pigo la shingo katika ajali ya bodaboda, au mtandio ulionaswa katika gurudumu. Hata ukoma, kabla ya dawa zake kupatikana katika miaka ya 1940, ulikuwa ukiwaziba wagonjwa wengine hapo hapo. Mtu mzima ambaye sauti yake imekauka zaidi ya majuma matatu asingojee mlio.

Sasa nafika penye jambo ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Sababu moja kubwa ya zoloto kubana kwa kovu ni bomba la kuokoa maisha. Mgonjwa asiyeweza kupumua mwenyewe hupitishiwa bomba kinywani au puani hadi ndani ya njia ya pumzi. Mwaka 1965 madaktari McDonald na Stocks wa Melbourne walionyesha kwamba hata watoto wachanga huweza kuwekewa bomba hilo kwa siku nyingi. Watoto ambao wangalikufa wakaishi. Lakini bomba likiwa nene kupita kiasi, likisugua pete ile isiyotanuka kwa siku na siku, utando hukosa damu, huwa kidonda, na kidonda kikipona huacha kovu, na kovu hujivuta. Mtoto hutoka hospitali akiwa mzima, wazazi hushukuru, na baada ya majuma machache mlio huanza. Katika miaka ya ugonjwa wa korona jambo hili lilionekana kwa watu wazima pia katika nchi nyingi. Siku hizi madaktari huchagua bomba jembamba zaidi na huliondoa mapema wawezavyo, na madhara yamepungua. Nawaambieni haya ili aliyewahi kuwekewa bomba, akianza kutoa mlio, amwambie daktari habari hiyo kabla ya nyingine yoyote. Si kwa ajili ya kulikataa bomba.

Na tiba? Daktari wa masikio, pua na koo humlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, akapitisha darubini nyembamba, akatazama kwa macho yake. Tangu mwaka 1994 madaktari hutumia daraja nne za Cotton na Myer: ya kwanza, njia imezibika hadi nusu, ya pili, hadi asilimia 70, ya tatu, hadi 99, ya nne, hapana tundu kabisa. Kovu jepesi huweza kutanuliwa kwa kipira kinachojazwa hewa au maji, au kukatwa kwa mwali wa leza. Lililo nene halikubali hivyo.

Kwa lililo nene, na kwa kila mtu anayenyongwa leo hii wala hana muda, hutobolewa tundu katika shingo, chini ya mahali palipobana, na kuwekwa bomba fupi. Najua jinsi tundu hili linavyoogopwa. Baba hukataa kutia sahihi. Shangazi husema, mtoto akitobolewa shingo hatarudi. Nasema wazi: mwenye tundu hula, hunywa, hulala, hucheza. Hasikiki anaposema, kwa kuwa hewa hutoka kabla ya kufika kwenye nyuzi za sauti, ila wengi hujifunza kuziba tundu kwa kidole kidogo wakapata maneno. Kazi ipo, sifichi. Bomba huziba kwa makohozi, na lazima mtu wa nyumbani afundishwe kulisafisha na kulibadili kabla ya kuondoka hospitali, wala asikubali kuondoka bila kufundishwa. Na katika nchi yetu hii kavu kuna adui wa pekee. Pua huichuja hewa na kuilowesha. Mwenye tundu anaikwepa pua, na vumbi la Mkonze la mwezi wa Agosti huingia moja kwa moja. Kitambaa chepesi, safi, kilicholoweshwa na kukamuliwa, kining'inizwe mbele ya tundu, kifuliwe kila siku. Mtoto asikae jikoni penye moshi, wala asiogelee, wala kumwagiwa maji shingoni.

Tundu hilo ni la muda kwa wengi. Mwaka 1972 madaktari Fearon na Cotton walieleza namna ya kuipasua ile pete na kuipanua kwa kipande cha gegedu kilichotolewa katika ubavu wa mtoto mwenyewe; pete iliyokuwa finyu huongezwa, mfano wa fundi anayetia kiraka cha nguo ile ile katika kanzu iliyobana. Njia nyingine, iliyoendelezwa Lausanne na daktari Monnier, ni kuikata sehemu yenye kovu na kuunga ncha mbili. Kazi hizi hutaka mafundi waliozoea na wauguzi wa usiku na mchana, na si kila hospitali inaziweza. Lakini safari yake huanzia karibu. Mkazi wa Mkonze ana bahati ambayo mtu wa ndani ya Mpwapwa hana: hospitali ya rufaa ya mkoa na hospitali ya Benjamin Mkapa ziko katika jiji lile lile, nazo hujua wakati wa kumpeleka mgonjwa mbele, Muhimbili au KCMC.

Tumrudie mama yetu wa usiku ule. Asimlaze mtoto chali. Amshike ameketi, mapajani, kama mtoto mwenyewe anavyopenda kukaa. Asitie kidole kooni kutafuta kitu asichokiona, wala asimnyweshe chochote kwa nguvu. Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, aachwe akohoe. Asipoweza kukohoa wala kulia, kama hajatimiza mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, apigwe mara tano kati ya mabega, kisha ageuzwe abonyezwe mara tano katikati ya kifua. Aliyezidi mwaka naye apigwe mara tano mgongoni akiwa ameinamishwa mbele, kisha abonyezwe tumbo kwa ghafla kutoka nyuma, juu ya kitovu, mara tano, na kurudia. Haya yafanyike huku usafiri ukitafutwa. Asingoje kukicha.

Na aliyepanuliwa pete, siku ikifika, bomba lake huzibwa kwa majaribio, mchana na usiku, wauguzi wakimwangalia. Akivumilia, huondolewa, na tundu aghalabu hujifunga lenyewe. Sauti yake huwa nzito kuliko ya wenzake.